Kampuni moja, nchi nzima au kuhamisha pesa: ni mgomo upi wa wanunuzi unaokufaa?

Ujumbe wa namna hii hufika usiku, watu wakiwa bado na hasira za mchana: orodha ya kampuni 40, na chini yake kwa herufi kubwa, USINUNUE. Unaisoma na kugundua kwamba nusu ya vitu vilivyotajwa hujawahi kuvinunua, robo huwezi kuviacha, na hakuna mahali palipoandikwa ni nini kinachodaiwa wala kinadaiwa kwa nani. Baada ya wiki orodha imesahaulika, na waliotajwa humo hawakuhisi hata mwasho.

Sisemi hivi kuidharau silaha yenyewe. Lakini ndani ya neno hili moja, kususia, mna mambo kadhaa yasiyofanana hata kidogo, na wengi huchagua mojawapo bila kujua kwamba kulikuwa na mengine. Nimeyapanga mawili mawili. Kwa kila jozi nauliza maswali yale yale: anayeumizwa na mgomo ana uwezo wa kutoa kinachodaiwa? Na anayesusia atatumia nini kesho asubuhi badala ya kile alichokiacha? Hilo la pili limeua migomo mingi kuliko polisi.

Siku moja, au mpaka kieleweke

Mgomo wa siku moja ni rahisi kuutangaza na rahisi kuutimiza, na ubovu wake uko hapo hapo. Anayeacha kununua mafuta ya gari Ijumaa huyanunua Alhamisi jioni au Jumamosi asubuhi. Pesa ni zile zile, zimeingia kasha lile lile, na mwenye biashara hutazama hesabu za mwezi.

Hata hivyo mgomo mashuhuri kuliko yote ya karne iliyopita ulianza kama mgomo wa siku moja. Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, alikamatwa katika mji wa Montgomery, Alabama, Alhamisi tarehe 1 Desemba 1955. Usiku ule Jo Ann Robinson, aliyekuwa akifundisha chuoni, alikesha akitoa nakala za vipeperushi vya kuwataka Wamarekani Weusi wasipande basi Jumatatu. Jumatatu ikafika, mabasi yakapita karibu matupu. Jioni watu wakafurika kanisani na kukubaliana waendelee. Waliendelea siku 381.

Kazi ya siku ile ya kwanza ilikuwa kupima. Takriban robo tatu ya abiria wa mabasi ya mji ule walikuwa Weusi. Mpaka Jumatatu ile hakuna aliyekuwa na hakika kwamba wote wangeweza kubaki nyumbani au kutembea kwa miguu siku moja. Siku zilizofuata zilibebwa na kitu kisicho na mvuto wa kupigwa picha: mamia ya magari ya watu binafsi, vituo vya kupakia na kushushia, madereva wa zamu, na fedha za petroli zilizochangwa kila wiki. Kampuni za bima zilipofuta bima za magari yale, viongozi walikwenda kuitafuta kwa Lloyd's, London. Anayetaka kuiga Montgomery aige hilo la bima kabla ya kuiga hotuba.

Tena, mabasi hayakufunguliwa na mgomo peke yake. Sheria ya ubaguzi ilikuwa mikononi mwa jiji na jimbo, na kampuni ya mabasi, hata ilipochoka na hasara, haikuwa na mamlaka ya kuifuta. Kilichoifuta ni kesi, Browder dhidi ya Gayle, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali Novemba 1956. Mgomo uliwaweka watu pamoja na kuifanya hali ile isivumilike. Kesi ikafungua mlango. Ukisusia kampuni kwa jambo ambalo sheria ndiyo inayolilazimisha, uwe na mwanasheria pembeni.

Linganisha na Alexandra, nje kidogo ya Johannesburg, mwaka 1957. Nauli ya basi ilipandishwa kutoka peni 4 hadi 5. Watu wakasema "Azikwelwa", hatupandi, wakatembea maili tisa hivi kwenda kazini na maili hizo hizo kurudi, kwa muda wa miezi mitatu. Serikali ya makaburu ilikataa katakata kuzungumza nao. Waliotikisika ni waajiri, ambao wafanyakazi wao walifika wamechoka. Mwishowe ikatungwa sheria ya kuwachangisha waajiri ruzuku ya usafiri, na nauli ikabaki peni 4. Dai lilikuwa dogo, peni moja, na kila mtu aliweza kuona siku limetimizwa.

Basi siku moja inafaa kwa kupima tu, na itangazwe hivyo, kukiwa na kikao cha kuamua jioni ile ile. Usiitumie ukidhani itamuumiza mtu.

Mlengwa mmoja, au orodha ndefu

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Mwezi Aprili 2018 watu wa Morocco, kupitia Facebook na bila kiongozi aliyejulikana, walianza kususia bidhaa tatu: maziwa ya Centrale Danone, maji ya chupa ya Sidi Ali na vituo vya mafuta vya Afriquia. Kila moja ilikuwa na nafasi kubwa katika soko lake. Malalamiko yalikuwa bei kupanda, lakini uteuzi wenyewe ulikuwa wa kisiasa: Afriquia ilikuwa ya familia ya Aziz Akhannouch, waziri wa kilimo wakati ule, na kampuni ya Sidi Ali iliongozwa na mwanamke aliyekuwa akiongoza pia chama cha waajiri. Majina matatu yalibeba lalamiko zima la biashara na utawala kukaa meza moja.

Werevu wake ulikuwa katika kile ambacho hawakukisusia. Hakuna aliyeambiwa aache maziwa, maji wala petroli. Aliambiwa anunue kwa mwingine, hatua chache mbele. Mgomo wa namna hiyo unaweza kuendelea miezi, kwa sababu anayegoma anakunywa chai yake kama kawaida. Mkuu wa Danone, Emmanuel Faber, alisafiri kutoka Ufaransa kwenda kuwasikiliza watu, na Septemba kampuni ikapunguza bei. Waziri Lahcen Daoudi alionekana akiandamana pamoja na wafanyakazi wa Danone dhidi ya mgomo. Kelele zilizofuata zikamfanya aombe kuachia wadhifa.

Lakini hesabu kamili ina upande wa pili. Danone ilipunguza maziwa iliyonunua kwa wafugaji na kuwaachisha wafanyakazi wa mikataba mifupi. Sisemi kwamba kwa hiyo watu wasingesusia. Nasema mpangaji ajue mapema ni nani atakayetangulia kuanguka, na azungumze naye kabla ya kumsikia runingani akilia.

Je, mlengwa mmoja ndiye bora siku zote? Wafanyakazi wa mashamba ya zabibu ya Delano, California, walidhani hivyo. Mgomo wao ulianza Septemba 1965, ukianzishwa na wafanyakazi wa Kifilipino wakiongozwa na Larry Itliong na kuungwa mkono na chama cha Cesar Chavez na Dolores Huerta. Walisusia kampuni moja moja, na zile za kwanza zilisalimu amri. Kisha wakafika kwa Giumarra, mkulima mkubwa wa zabibu za mezani, naye akafanya ujanja: akaanza kuuza zabibu zake kwa nembo za wakulima wenzake. Mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu hakuweza tena kujua. Mwaka 1968 wakapanua mgomo uhusu zabibu zote za mezani za California, na ghafla ujumbe ukawa rahisi kuliko zamani: usile zabibu. Wakulima wa Delano walitia sahihi mikataba Julai 1970.

Kwa hiyo ukubwa wa shabaha hupimwa kwa macho ya mnunuzi mbele ya rafu. Ikiwa nembo ya adui inaonekana waziwazi, piga mmoja. Ikiwa anaweza kujificha nyuma ya nembo nyingine, piga aina nzima ya bidhaa, mradi si kitu ambacho watu hawawezi kuishi bila hicho. Orodha ya majina 40 haimo katika njia zote mbili. Inamtaka mnunuzi awe na kumbukumbu ya karani.

Tazama migomo miwili iliyotofautiana kwa jambo moja tu, yaani urahisi wa kuhama. Novemba 2017, baada ya mgogoro wa uchaguzi, muungano wa upinzani wa NASA nchini Kenya ulitangaza kususia Safaricom, Brookside na Bidco. Maziwa na mafuta ya kupikia mtu hubadilisha kwa kunyoosha mkono rafuni. Lakini anayetoka Safaricom anaacha namba ambayo watu wote wanaijua na M-Pesa anayotumia kulipwa, kulipa na kutuma nyumbani. Ili ahame kweli, walio upande wa pili wa kila muamala wake nao sharti wahame. Hasira inaweza kuwa kubwa namna gani, haivunji mtandao wa aina hiyo kwa wiki chache.

Upande mwingine kuna bia ya Bud Light nchini Marekani, mwaka 2023. Wahafidhina walikasirishwa na tangazo la mtandaoni lililomshirikisha mtu mashuhuri aliyebadili jinsia, wakaiacha. Kwenye jokofu lile lile palikuwa na bia nyingine kadhaa za bei ile ile na ladha ya kukaribiana. Mauzo yalishuka kwa zaidi ya robo, na nafasi ya bia inayouzwa zaidi nchini ikachukuliwa na Modelo Especial. Uliunge mkono au ulichukie lengo lao, funzo la ufundi ni lile lile, na linakukumbusha pia kwamba silaha hii haina chama.

Kampuni, au nchi nzima

Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn, London, mkutano ulizindua wito wa kususia bidhaa za Afrika Kusini. Mmoja wa wazungumzaji alikuwa Julius Nyerere, ambaye Tanganyika yake yenyewe bado ilikuwa chini ya Waingereza. Baada ya mauaji ya Sharpeville ya Machi 1960, kundi lile likawa vuguvugu la kudumu la kupinga ubaguzi wa rangi. Mandela alitoka gerezani Februari 1990. Fanya hesabu ya miaka kabla ya kujitia katika mgomo wa nchi nzima.

Mgomo wa aina hii hauwezi kuifilisi serikali kwa machungwa. Kazi yake ni kuwazoesha watu wa mbali kuchukua upande, kisha kuwapandisha ngazi: kutoka tunda, kwenda akaunti ya benki, kwenda kura. Wanafunzi wa Uingereza walioikataa Barclays walikuwa wakiacha kitu kidogo, lakini mwaka 1986 benki hiyo ilijiondoa Afrika Kusini. Huko Dublin, Julai 1984, mfanyakazi wa duka la Dunnes, Mary Manning, alikataa kumuuzia mteja balungi la Afrika Kusini akasimamishwa kazi. Wenzake wakagoma naye, na mwaka 1987 Ireland ikapiga marufuku matunda ya nchi hiyo.

Wapinzani walisema siku zote kwamba wa kwanza kuumia ni Weusi wenyewe. Jibu lililokuwa na uzito ni kwamba wito ulitoka kwao: Albert Luthuli, rais wa ANC, aliuomba ulimwengu ususie. Ukitaka kususia nchi nzima kwa niaba ya watu fulani, tafuta kwanza kama wao wenyewe wameomba. Ikiwa hawajaomba, mimi nasita.

Ndani ya Afrika Kusini yenyewe kulikuwa na njia fupi zaidi. Julai 1985 wakazi Weusi wa Port Elizabeth, wakiongozwa na kijana Mkhuseli Jack, waliacha kununua katika maduka ya Wazungu. Wenye maduka hawakutunga sheria za ubaguzi, wala hawakuweza kuzifuta. Walichokuwa nacho ni namba za simu za wakubwa. Biashara ilipokauka walianza kuisihi serikali iwaachie viongozi waliokamatwa na iondoe askari mitaani. Ikiwa anayeamua hafikiki, mtafute anayesikilizwa naye. Katika jozi hii nzima, ndiyo njia ninayoiamini zaidi.

Kuacha, au kuhamisha

Bunge la Uingereza lilipokataa mwaka 1791 kukomesha biashara ya watumwa, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, ambao hawakuwa na kura, waliacha sukari ya West Indies, visiwa vya Karibi ilikotengenezwa na watumwa. Wengine waliiacha kabisa. Wengine walihamia sukari ya India, na baadaye vibakuli vikatengenezwa vyenye maandishi ya kutangaza kwamba sukari iliyomo haikutengenezwa na watumwa. Walioacha kabisa walikuwa na ujumbe safi zaidi. Waliohama waliweza kudumu. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku 1807, kwa sababu nyingi zilizokusanyika, lakini meza ya chai ilikuwa mahali pa kwanza ambapo wanawake wale walipiga kura yao.

Bengal, nchini India, mwaka 1905, ilikwenda mbali zaidi. Waingereza walipoligawa jimbo, watu walisusia nguo za Uingereza na kuvaa za nyumbani, swadeshi. Mgawanyo ulifutwa 1911. Lakini nguo za nyumbani zilikuwa ghali kuliko zilizoagizwa, na mkulima fukara, ambaye Bengal ya Mashariki mara nyingi alikuwa Mwislamu, alitakiwa alipie uzalendo wa watu wenye nafasi. Wengi hawakuweza, wakashurutishwa, na uchungu ule ukabaki. Kuhamisha pesa ni jambo zuri pale ambapo maskini anaweza kuhama pamoja nawe.

Pia kumbuka kwamba adui naye ana marafiki. Mkuu wa kampuni ya vyakula ya Goya alipomsifu Rais Trump hadharani Julai 2020, wito wa kususia ulijibiwa na wito wa kununua, na kwa wiki chache mauzo yalipanda kabla ya kurudi kawaida. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Suala likiwa limeigawa nchi nusu kwa nusu, kususia kwa kelele kunaweza kumfanyia mlengwa matangazo ya bure.

Mambo mawili yanayoharibu aina zote

La kwanza ni kulazimisha. Katika baadhi ya vitongoji vya Afrika Kusini, miaka ya 1985 na 1986, waliokutwa wamenunua madukani walilazimishwa kunywa mafuta ya kupikia au kula sabuni walizonunua. Buganda, mwaka 1959, mgomo ulioongozwa na Augustine Kamya uliwalenga wafanyabiashara wa Kiasia kwa asili yao, ukaambatana na vitisho na mashambulizi, na kuipa serikali ya kikoloni sababu ya kuupiga marufuku. Huo wa pili una ugonjwa wa ziada: Mwasia hawezi kuacha kuwa Mwasia, kwa hiyo hakuna kitu angeweza kufanya ili mgomo uishe. Mahakama Kuu ya Marekani, ikiamua mwaka 1982 kesi ya wenye maduka wa Mississippi waliowashtaki waliowasusia, iliutenga wito wa amani, unaolindwa na katiba, na vitisho, visivyolindwa. Si kila nchi ina ulinzi huo. Uliza kabla ya kuweka jina lako juu ya wito.

La pili ni namba za kubuni. Mwaka 1995 kampuni ya Shell ilitaka kuzamisha baharini Brent Spar, mtambo wake wa zamani wa kuhifadhi mafuta. Madereva wa Ujerumani walivisusia vituo vyake, na tarehe 20 Juni Shell Uingereza, iliyokuwa na uamuzi mkononi, ikarudi nyuma. Ushindi wa haraka ajabu. Kisha Greenpeace, shirika la mazingira lililoongoza kampeni ile, ikalazimika kuomba radhi kwa kuwa makadirio yake ya mafuta yaliyobaki ndani ya mtambo yalikuwa makubwa mno. Mpaka leo anayetaka kukebehi wanamazingira huanzia hapo.

Ningekuwa mimi

Nikiwa na watu wachache na kampuni moja yenye nembo inayoonekana na mbadala karibu, ningepiga hiyo moja, kwa dai moja, hata kama nyingine tisa zina makosa yale yale. Nikiwa na watu wengi katika mji mmoja na serikali isiyosikia, ningefuata Port Elizabeth. Kwa suala la nchi ya mbali ningengoja wito wa wenyewe, kisha nijiandae kwa miaka. Na bidhaa ikiwa haina mbadala, nisingesusia. Ningekwenda mahakamani au barabarani, maana kumtaka mtu aache asichoweza kukiacha ni kumfundisha kuvunja ahadi.

Mtafiti Brayden King, aliyechunguza kampuni za Marekani zilizosusiwa kati ya 1990 na 2005, aliona kwamba zilizolegea zilisukumwa zaidi na habari mbaya magazetini kuliko na pengo la mauzo. Nililijua hilo kwa njia ya aibu. Niliwahi kususia kampuni moja, sitaitaja, karibu miaka miwili. Nilijisikia mtu wa msimamo. Siku moja rafiki akaniuliza kama wao wanajua. Hawakuwa na habari. Kwao nilikuwa mteja aliyehama tu, pengine kwa sababu ya bei.

Nikaandika barua siku ile: nilikuwa nikinunua nini, mara ngapi kwa mwezi, nimeacha tangu lini, na ni jambo gani moja likibadilika nitarudi. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, refu kuliko barua yangu, likiwa limetiwa sahihi na mtu wa ngazi ambayo sikuitarajia.